Mtandio Ambao Sijaupinda

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku Ibra, Omani, wazima, tunamshukuru Mola. Joto limetukaba, tende zimekwisha kuvunwa, na goti langu la kushoto limeniasi kabisa, nikisujudu sinyanyuki mpaka nishike ukuta. Watoto wakenda kazini nabaki na mjukuu wangu Shaikha. Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini maneno hayamwishi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Unasema wazee wa ngoma yetu ya lelemama mliobaki mtacheza harusi ya mjukuu wako, na unataka nije nisimame mstarini. Mitandio ya sare ninunue mimi huku, rangi nichague mwenyewe, nisimwambie mtu. Ukacheka, ukasema, "Nakupa wewe, Salma, maana siku ile ni wewe tu hukunitupa."

Hapo, Dada, ndipo uliponimaliza.

Jumatano nikenda soko la wanawake, lile ambalo wauzaji na wanunuzi wote ni wanawake, nikapata kitambaa cha rangi ya zafarani. Nikakificha chini ya abaya mpaka nyumbani, kama nimekiiba, na Ibra nzima sidhani kuna anayeshughulika na lelemama yetu.

Ijumaa baada ya chakula, Shaikha akafungua televisheni. Filamu ya zamani ya Kimarekani, haina hata rangi, ya wasichana wawili wacheza dansi wanaokaa chumba kimoja. Wanaazimana viatu, wanachekeana, na mmoja kila mwenziwe akisifiwa anauma mdomo. Mwisho akenda kwa mwenye ukumbi, akamchongea mwenziwe, akaichukua nafasi yake. Mimi nilikuwa napinda mitandio kwa mkono. Sindano ikasimama.

"Bibi, huyu ndo mbaya, sah?" akauliza Shaikha, anamwonyesha kidole.

"Huyo huyo."

"Wallah, mbaya sana. Mwenzake anajua?"

"Hajui."

"Atamwambia lini?"

Nikasingizia nimeacha birika motoni. Nikasimama jikoni nikalia, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu.

Basi nakwambia leo. Zile kanga za sare ulizopewa uzitunze, ukazitia chini ya kitanda chetu, unakumbuka. Siri ya sare ndiyo ilikuwa heshima ya chama chetu cha ngoma. Wapinzani wakiijua wanaivaa wao kwanza, na nyinyi mnabaki kuwa kichekesho. Nyumba nzima tuliojua ni mimi na wewe. Wewe ulikuwa katikati ya mstari, mimi mkiani, na kila aliyetoka ngomani alikuwa na jina lako mdomoni. Mimi ndiye niliyemwambia Maryamu wa chama cha pili. Sikulaghaiwa, wala ulimi haukuniteleza. Nilikata kipande kwenye pindo la kanga yangu, nikampelekea mpaka mlangoni kwao ili rangi asiikosee.

Siku ya harusi tuliyoalikwa kucheza vyama vyote viwili, wakaingia wao mwanzo, kanga ile ile. Sisi tuko nje, tumeshajifunga, tumeshapaka wanja. Wenzetu wote wakakugeukia wewe. Uliapa mbele ya Mama na mbele ya Bi Kidawa, mkuu wa chama, kwamba hukusema. Mimi nilikuwa papo hapo, natazama mkeka. Ukatolewa, hukucheza tena, na nafasi yako nikapewa mimi. Na linalonichoma zaidi ni kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyenipaka hina ya kwenda kusimama pale pako.

Miaka yote nimejiambia ulikuwa utoto. Uwongo mtupu, nilikuwa tayari nimeposwa. Nilipoolewa nikaletwa huku, watu waliniona nalia, wakadhani ni uchungu wa kuwaacha. Kumbe moyoni nilikuwa nashukuru kuwa mbali na macho yako. Naona haya kuliandika hilo kuliko yote.

Sikuombi uniambie si kitu. Nakuomba radhi, na naomba kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningekata kabla hujaitika. Wenzako waliobaki waambie ukitaka. Mama na Bi Kidawa hawapo tena kusikia, na hilo nimelichelewesha mimi, lakini walio hai wajue kuwa ulisema kweli.

Mitandio kumi na mmoja anakuja nayo binti yangu. Nimemwambia akupe barua kwanza, sanduku alifungue ukishamaliza kusoma. Nisalimie bwana yako, na mkweo anayekukanda miguu, na bibi harusi wetu, na jirani yako wa vitumbua ambaye kila nikipiga simu namsikia anakugombeza.

Mtandio wa kumi na mbili ni wangu. Nimeukata, sijaupinda. Ukinitaka mstarini, hata mkiani kwenyewe, nitaupinda siku hiyo hiyo. Usiponitaka, nitajua rangi niliichagua vizuri, na safari hii hakuna niliyemwambia.

Mdogo wako,
Salma