Ukoka Wangu na Mahindi ya Mama Shija

Jumamosi, 14 Januari 1995

Niombe radhi kwanza kwa daftari hili. Siku nane sijaandika. Malaria. Sasa naweza kusimama.

Asubuhi nilifyeka ukoka kama kila Jumamosi. Mapadri walitufundisha kwamba nyumba ya mtu mstaarabu ina majani mafupi mbele yake, nami nimelishika hilo miaka hamsini, hata hapa Mpanda ambapo watu wanasema nafuga majani bila ng'ombe.

Upande wa ua wa minyaa, majani yamegeuka meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Niliinama. Viwavi. Wembamba kama uzi, wa kijani, wengine wananing'inia kwenye nyuzi zao. Si kumi wala ishirini. Niliweka kiganja juu ya majani na nilipokiinua walikuwa saba juu yake.

Ng'ambo ya ua ni mahindi ya Mama Shija. Yamefika magotini. Ekari moja, na ndicho chakula chake cha mwaka, cha watoto watatu na cha mama mkwe asiyeona. Mumewe alifariki mwaka juzi.

Nimeingiwa na hofu.

Jumapili, 15 Januari

Nimekwenda misa na kurudi bila kusikia mahubiri.

Ni lazima Mama Shija aambiwe. Lakini siwezi kuingia uani kwake. Mimi mjane, yeye mjane. Mwaka jana aliniletea maziwa mgando mara mbili, na maneno yakafika hadi sokoni. Nilijiwekea sharti siku ile: sitavuka ua ule peke yangu. Wala kuita kwa sauti juu ya minyaa si adabu kwa mwanamke wa watu. Yeye husali kwingine, hivyo kanisani hatukutani.

Nimemwandikia barua. Kurasa mbili. Nilimsalimu yeye, mama mkwe, kila mtoto kwa jina, na mifugo. Nikaomba radhi kwa kuchelewa kumpa pole ya homa ya mtoto wake mdogo. Nikamshukuru kwa maziwa. Kisha nikaeleza viwavi. Nikaifunga kwa gundi.

Mchukuzi ni Mzee Yustini, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu mwenye mke na heshima, ambaye hakuna atakayemsema akionekana mlangoni kwa mjane. Nilivaa koti nikampelekea mwenyewe. Alishika bahasha kwa mikono miwili. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Mzee Karani, hili nitalifanya kwa taratibu zote." Wananiita Karani mpaka leo, ingawa stesheni ya reli niliiacha miaka kumi na moja iliyopita.

Nimepumua kidogo.

Jumatatu, 16 Januari

Kabla ya kwenda mjini nilipima wingi wao. Nilikoroga sabuni ya kufulia katika debe la maji, nikamwaga juu ya eneo la hatua moja kila upande, palipoonekana pazima kabisa. Nilihesabu mpaka sitini. Ardhi ikaanza kutembea. Viwavi walipanda wote juu ya majani wakijinyonganyonga. Nilirudi nyuma nikajikwaa.

Ofisi ya kilimo: bwana shamba yuko Ugalla, anarudi Jumatano. Tarishi aliniambia nilete maelezo kwa maandishi. Nilimwachia maandishi, na viwavi kumi na wawili ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, nimetoboa kifuniko. Alisukuma chupa kwa ncha ya kalamu.

Nilipita mbele ya nyumba ya Mama Shija. Alikuwa anapalilia. Alisema, "Shikamoo babu." Nikaitika marahaba. Hakuongeza neno. Nami sikuongeza. Labda barua bado haijamfikia.

Jumanne, 17 Januari

Viwavi wamebadilika. Jana walikuwa kijani, leo migongo imekuwa myeusi kama masizi, na mistari ya njano ubavuni. Wananenepa kwa saa.

Nilikaa kwenye kigoda nikasikia kitu kama manyunyu. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Nilichukua dakika kadhaa kuelewa kwamba ni vinywa vyao.

Yangeyange wameshuka, wanadonoa. Wanakula tangu asubuhi na sioni kilichopungua.

Mama Shija hajajibu. Nilimwona akipita kando ya minyaa na jembe, hatazami upande wangu. Ninaanza kuamini kwamba amesoma na amekasirika. Pengine anaona majani yangu ya fahari ndiyo yaliyowaita. Pengine ni kweli. Naogopa kumtazama.

Jumatano, 18 Januari

Bwana shamba alifika kwa baiskeli saa nne, chupa yangu mfukoni. Kijana mpole. Alimshika mmoja kwa vidole viwili, akanionyesha kichwa: alama nyeupe kama herufi V iliyopinduliwa.

"Viwavijeshi, mzee. Hakuna shaka."

Alinieleza nami naandika nisije nikasahau. Nondo huja na upepo wa mvua na kutaga mayai kwenye majani. Kiwavi akiwa mdogo hujificha na kula kidogo, na hapo ndipo dawa inafaa. Akishakuwa mweusi, kwa siku chache tu hula mengi kuliko aliyokula maisha yake yote ya nyuma. Majani yakiisha, wanaondoka pamoja, wote upande mmoja, kutafuta mengine. Wanakula ukoka, mahindi, mpunga, mtama. Maharage, kunde na mihogo hawagusi.

"Hawa wangekamatwa Jumamosi ingekuwa kazi ndogo," alisema. Hakujua anachoniambia.

Dawa ofisini imekwisha na bomba la kupulizia linavuja. Alishauri mfereji: kina cha mkono mpaka kiwiko, kuta zisimame wima, ili wakitumbukia washindwe kupanda. Halafu kuwaponda humo humo.

Akaangalia mahindi. "Jirani anajua?"

"Nimemwandikia."

Alinitazama, akatazama minyaa, akanitazama tena. Kisha akasema kwa adabu kwamba ana nyumba nyingine za kupitia.

Nilichimba upande wangu mpaka alasiri. Hatua tisa. Mpaka wetu una hatua sitini. Mikono imepasuka. Sikuweza zaidi.

Alhamisi, 19 Januari

Naandika mambo yalivyotokea, ingawa aibu inanizuia.

Saa mbili asubuhi Mzee Yustini aliingia akitabasamu, amevaa shati la Jumapili. "Hongera mzee mwenzangu! Upweke si jambo jema. Jumuiya nzima tunakuombea."

Sikuelewa. Nikamuuliza Mama Shija alisema nini alipopewa barua.

"Apewe yeye? Mzee Karani! Tangu lini barua ya namna hiyo anapewa mwanamke mwenyewe? Nimeituma kwa kaka yake, Masanja, kule Majimoto. Imeondoka Jumatatu na lori la mpunga. Mimi mshenga wa siku nyingi, siwezi kukuharibia."

Nilikaa chini. Bahasha iliyofungwa, mjane mwenye koti, mwenyekiti wa jumuiya. Mtu yeyote katika mji huu angefikiri hivyo hivyo. Mimi peke yangu sikufikiri.

Siku nne. Nilikuwa namwogopa mwanamke kwa hasira ya jambo ambalo hakuwa ameambiwa.

Nilimwacha Mzee Yustini amesimama, na hilo nalo nitamwomba radhi. Nilipita katikati ya minyaa, pale pale, utomvu ukanichoma shingoni. Bila kofia. Mama Shija alikuwa anapepeta mchele. Alisimama kwa hofu akidhani nina habari ya msiba.

"Mama, viwavijeshi. Wako kwangu tangu Jumamosi. Nilijua, sikukwambia."

Hakuuliza kwa nini. Aliacha ungo, akakimbilia shambani. Mistari ya mwanzo minne, kwa ndani, majani yalikuwa yamebaki uti tu. Walikuwa wamekwisha kuvuka. Aliposhika bua moja, mkono wake ulijaa weusi mpaka kifundoni.

Hapo ndipo alipogeuka. "Jumamosi, babu? Mimi nimepalilia hapa Jumatatu, nimekusalimu. Ulikuwa unanitazama tu?"

"Niliogopa maneno ya watu."

"Maneno ya watu watoto wangu watayapika?"



Aliita majirani kwa yowe la kwao. Walikuja kumi na wawili, na mimi wa kumi na tatu. Tulichimba katikati ya shamba, tukitoa sadaka mahindi yaliyokwisha kuguswa ili kuokoa ya nyuma. Mama mkwe aliketishwa mwisho wa mfereji apekue udongo kwa vidole. Alisema anawasikia wanakuja.

Ijumaa, 20 Januari

Walikuja alfajiri. Ardhi yote ilikuwa inasogea, nyeusi, kuelekea kwetu, bila kelele yoyote ila ile ya manyunyu. Nimeona gari moshi likiacha reli katika maisha yangu ya kazi. Sikuogopa kama leo.

Walitumbukia mferejini mpaka wakaanza kujaa na wa nyuma kupita juu ya wa mbele. Tulitwanga kwa michi na magogo, tukamwaga majivu, tukatwanga tena. Harufu yake siwezi kuiandika. Upande wa mashariki kuta zilikuwa zimelala, wakapita. Upande huo nilichimba mimi.

Hakuna aliyenilaumu. Mama Shija alinipokonya jembe, akasimamisha kuta kwa mapigo sita, akanirudishia. "Hivi, babu. Endelea."

Jumapili, 22 Januari

Sikwenda misa. Mwili umekataa.

Masanja alifika kutoka Majimoto juu ya mizigo ya lori, matope mpaka kiunoni, barua yangu mfukoni mwa shati. Mtu mrefu, sauti kubwa. Alisimama uani kwa dada yake akaninyooshea kidole mbele ya majirani wote.

"Huyu ndiye shemeji? Shemeji umetupa kazi! Tumekaa ukoo mzima, mama mdogo amepika pombe. Mjomba anasoma kwa sauti. Salamu moja, tunapiga makofi. Salamu ya pili, makofi. Maziwa mgando, akina mama wanapiga vigelegele! Anafungua ukurasa wa pili, wadudu! Posa ya viwavi! Mjomba akasema labda ni fumbo, tumelifumbua mpaka mtungi ukaisha!"

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Mama Shija alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akijifuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha akaenda kumwonyesha kaka yake shamba na kicheko kikaisha.

Mahindi yamebaki chini ya nusu. Masanja alitembea mistari yote. Aliporudi alisema atatuma magunia matatu ya mpunga barabara ikikauka. Kwake pia kuna mpunga mchanga. Ameondoka na lori hilo hilo, hakusubiri hata chai, akaukague mpunga wake.

Viwavi hawaonekani tena. Bwana shamba anasema wameingia ardhini, chini kidogo tu ya udongo, na baada ya siku chache watatoka wakiwa nondo. Kwa hiyo nakanyaga uwanja wangu kama mtu anayekanyaga paa la nyumba ya mwenzake.

Ijumaa, 27 Januari

Mvua juzi na jana. Ukoka umechipua. Mizizi yake haikuguswa, umekuwa kijani kuliko ulivyokuwa Krismasi. Mahindi hayachipui namna hiyo. Sikuweza kuutazama.

Leo nimeulima. Wote, mpaka mlangoni. Kwanza nilikwenda kumwambia Mama Shija kwamba ardhi hii ni yake kwa msimu huu na mingine atakayotaka, na kwamba ni haki yake kukataa. Alisema, "Basi tusichelewe." Akaja na mbegu za kunde na kuku wake wote.

Kila jembe lilipogeuza udongo viwavi walitokea, wamekuwa vidude vya kahawia vinavyong'aa, mfano wa punje za kahawa, wakichezesha mkia. Kuku waliwala wakashindwa kutembea. Majirani wawili walipita, wakasimama, wakatuona tumeinama pamoja mchana kweupe. Walisalimu. Tuliitikia.

Mchana tulianza kupanda. Yeye anatoboa, mimi natia mbegu. Katikati ya mstari wa tatu nikaona kitu cheusi kinang'aa ndani ya shimo. Nikakirusha kando kwa ukucha. Ilikuwa kunde niliyoiweka mwenyewe.

Mama Shija aliirudisha shimoni kwa kidole cha mguu, akaifukia, akatoboa shimo jingine.