Simbi za Mama Mkwe Sizirudishi

Huku pwani,
nyumbani kwa mwanao.

Baba Zuhura, mume wangu,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na baiskeli za watu bado zinakuja kutengenezwa? Mimi sijambo, Zuhura amejifungua salama, na mjukuu wako wa kike ananyonya kama aliyetumwa. Joto la huku linakaanga mtu, sukari ni ya foleni kama huko kwetu, na matobolwa hawayajui. Niliwapa majirani wakadhani ni vipande vya kuni, mpaka nilipowaambia ni viazi vilivyokaushwa.

Wifi Mwajuma, najua wewe ndiye unayemsomea kaka yako, maana yeye darasa la kisomo cha watu wazima lilimshinda. Soma yote. Usirukeruke.

Barua yenu nimeipata. Inasema kwamba wewe, Baba Zuhura, umeona nyumba yetu ya Mtendeni imekuwa kimya, kwamba mti wa tunda moja ni kuni, kwamba amepatikana binti huko Puge mwenye nyonga za uzazi, na kwamba nizifunge zile simbi za mama mkwe nilizokuja nazo nizirudishe, akavishwe huyo bibi harusi. Mume wangu, tangu unioe hujawahi kutaja nyonga za mtu mbele yangu. Mwandiko ni wa dada yako, na maneno nayo nayasikia yana sauti yake.

Simbi hizi, vijikombe vya baharini vilivyotungwa uzi, babu yako mpagazi alitoka nazo huku pwani kwa miguu, na mke wa nyumba ile huzivaa kiunoni akijifungua. Mama yenu, Mungu amrehemu, alinifunga kwa mkono wake, nami nikazaa. Nilimzaa Zuhura. Leo hii Zuhura ni mtaalamu wa serikali wa wanyama wa magamba: chaza, kome, konokono wa baharini, wote anawajua na siri zao za ndani. Nikipita sokoni wanasema, yule ndiye mama yake. Nami napita polepole, wanione vizuri.

Kabla hajajifungua alinipeleka ufukweni maji yamekupwa. Akanionyesha chaza, akasema huyu humwaga mayai madogo kama vumbi la unga, hayana idadi, kisha kazi yake imekwisha. Samaki wanakula, mawimbi yanachukua, anayebaki amebaki kwa bahati. Halafu akageuza jiwe. Chini yake palikuwa na vifuko vichache vya konokono, na yai la mle ndani ni nono. Mtoto wake hatoki akielea ovyo, anatoka anatembea, nyumba yake mgongoni. Nikamuuliza, huyu kwa nini asitage manono na tena mengi? Akacheka.

"Mama, tumbo ni moja na chakula ni kile kile. Ukikigawa kwa wengi, kila mmoja anapata chembe. Ukikigawa kwa wachache, wanashiba. Vyote viwili hakuna anayevipata."

Wifi, hapo soma mara mbili.

Nikamwambia, kumbe shangazi yako Mwajuma ni chaza. Zuhura akaninunia. Akasema chaza si mjinga na konokono si mwerevu, wote wawili wamedumu tangu kale, kila mmoja na maji yake, na kwamba shangazi ndiye aliyemfundisha kusuka ukili, nisimtukane. Ameniomba niliandike na hilo. Nimeliandika.

Ila yeye alikuwa mdogo, hakuyaona niliyoyaona mimi. Wanao, wifi, ukiwamwaga walikuwa wanaelea mpaka jikoni kwangu. Saidi wako alipotahiriwa alipona kwenye mkeka wangu. Walipougua surua, aliyewakanda ni mimi, na wewe ulikuwa kwenye ngoma. Sikusema, kwa sababu mtoto akila hasimangwi. Leo nasema kwa kuwa umenisimanga tumbo. Nyumba hiyo ilikuwa kimya lini, na wako wanagombea ukoko kwangu kila jioni?

Baba Zuhura, sasa nasema na wewe peke yako, dada yako ni mdomo tu wa kusomea. Unakumbuka Zuhura alipoanza shule, nilivyokushika mkono ukaandika jina lake kwa mkaa kwenye ukuta wa uani? Ndilo neno pekee unalolijua kuandika. Arobaini ya mtoto ikiisha, nataka uchukue karatasi uliandike jina hilo unitumie, basi. Nikiiona ile Z yako iliyolala kama ng'ombe aliyechoka, napanda treni na simbi zangu kiunoni. Ikija barua nyingine ya mwandiko wa wifi, hata iwe tamu kama asali ya msituni, sipandi, na simbi namfunga mjukuu wangu.

Msalimie Saidi, mwambie mama yake wa jikoni anamkumbuka. Msalimie kaka yangu wa Cheyo, asiwe na haraka ya kunifagilia chumba. Msalimie balozi wetu wa nyumba kumi na mkewe. Na wewe wifi, nakusalimu pia. Samaki mkavu wako nimeshamnunua, mkubwa kuliko wa wengine wote. Sasa mpe kaka yako kalamu, utoke nje.

Ni mimi mkeo, na ni mmoja,
Mama Zuhura.