Nyota za Mwalimu Masanja

Shinyanga, Jumatano, mwezi wa pili

Na bado ananiuliza kwa nini! Mwalimu Masanja anaandika kijitabu cha wakulima wa pamba, mimi nakipiga taipu. Shida ni kwamba maoni yake mwenyewe anayachomeka katikati ya aya. "Usinyunyize dawa, hapa nimuulize bwana shamba, upepo unapovuma." Nikichapa hivyo hivyo, mkulima wa huko Mhunze ataelewa nini? Ama ataacha vitumba vya pamba viliwe na funza, ama atavuta sumu.

Leo nimemwambia usoni. "Mwalimu, neno lisilo la mkulima liweke kwenye mstari wake, utangulize alama ya nyota. Mstari wenye nyota siuchapi."

"Sasa Mama Neema, aya yangu si itakatika?"

"Haikatiki. Naruka nyota, naendelea palepale nilipoishia. Aya mpya naianza ukiacha mstari mtupu, basi."

Akacheka, ila aliketi akarekebisha kurasa zote. Nilikuwa na wasiwasi kidogo, maana ukikosea kwenye stensili, ile karatasi ya kurudufia, kufuta ni balaa. Lakini kazi ilikwenda vizuri mno. Onyo la upepo sasa limekaa zima, sentensi moja.

Kwenye ukurasa wa mwisho, katikati ya aya, nikakuta mstari huu: "* Mama Neema, macho yako mekundu tangu asubuhi. Nenda nyumbani, utamalizia kesho."

Ulikuwa na nyota. Nikauruka, nikachapa mpaka nukta ya mwisho.