Nafasi ya Shahidi wa Pili

Nyumbani, chumba cha Baba,
9 Agosti.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu nyingi huko uliko mbali. Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima, moyo ndio mgonjwa. Mama anakula, ila anaacha nusu sahani. Goti langu bado linanisumbua, na usinicheke, nawe uzee unakuja.

Siku tuliyomzika Baba nilishindwa kukueleza yote kwenye simu. Kilio kilinizidi. Acha niyaandike.

Unalikumbuka daftari lake la anga. Miaka thelathini na moja ya kupima mvua na upepo pale kituo cha hali ya hewa ilimfundisha kwamba kipimo kisicho na sahihi mbili hakihesabiwi. Nyumbani ikawa hivyo hivyo. Ule ukungu mdogo aliotuonyesha kwa darubini, akasema ni galaksi, nyota zisizo na idadi, na nuru yake ilianza safari kabla binadamu hajakuwapo: sahihi yake, sahihi yako. Lile wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa: sahihi yake na yangu, mwandiko wa kuku, nilikuwa na miaka saba.

Ukurasa mmoja tu una sahihi moja. Ni ile jioni ya taa tatu za kijani zilizosimama juu ya paa la kituo, kimya, kisha zikazimika moja moja. Mlikuwa wawili, wewe na Baba. Wenzake wa kazini walipomcheka kesho yake wakakuuliza wewe, ukasema hukuona kitu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, kaka, sikulaumu. Lakini wakamwita Mzee Mataa mpaka akastaafu, na yeye hakukusema vibaya hata siku moja.

Wiki yake ya mwisho aliniomba daftari kila siku. Anafungua ukurasa ule ule, anautazama, anaufunga. Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua kalamu, nikaiga sahihi yako, nikamwambia uliiweka ulipokuja mwaka juzi, ila yeye bila miwani hakuiona. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Alivaa miwani, akaangalia sana. Halafu akaniomba rula. Akaikata ile sahihi kwa mstari mmoja, akaandika pembeni herufi za mwanzo za jina lake na tarehe, kama walivyosahihisha makosa kazini. Chini yake akachora mstari mwingine wa sahihi, akauacha mtupu. Akanishika kichwa.

"Asante, mama," akasema. "Lakini wewe siku ile ulikuwa ndani na tetekuwanga."

Siku mbili baadaye hakuamka. Nilitaka kumpa faraja, nikampa kazi ya kusahihisha. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Ukurasa nimeuchomoa taratibu, umo humu kwenye bahasha. Kama uliziona zile taa, weka sahihi. Kama hukuziona, urudishe vile vile, nitaubandika mahali pake. Sitakuuliza neno.

Mama anakusalimu. Shangazi anauliza kama koti alilokushonea linakutosha. Wewe sema ndiyo. Nisalimie wifi, wabusu watoto. Mungu akutunze, akupunguzie uzito wa hizi siku.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako.

Nimekuwekea na kalamu yake. Wino uwe mweusi, unamjua mwenyewe.