Udongo Niliouandika Mpole

Kwako dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, nawe uwafikishie wasichana wako wote wa bwenini, wakubwa kwa wadogo. Natumai kifua kimekuachia, na kwamba dawa unazinywa, si kuzipanga dirishani kama mapambo. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenihama, na chakula nakitazama tu, mimi ambaye ulikuwa ukinificha sufuria.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Umeandika kwa utani wako ule ule kwamba fundi seremala ameupiga randa mlango wa chumba chako mara tatu tangu manyunyu ya kwanza, na akija mara ya nne itabaki fremu. Tena kuna ufa umetoka pembe ya dirisha na kushuka ukutani kama ngazi. Mwanzo ulipokea ukucha, sasa unapokea penseli, na wasichana wanasema bweni linacheka. Mwalimu mkuu naye akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, akaleta mtu wa plasta. Wenzangu kazini niliwasomea habari ya fremu, wakacheka sana. Nilicheka nao, kisha nikaenda kujifungia chooni.

Nadhani sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya. Wewe huwaambia watu kwamba mdogo wako ni injinia. Mimi si injinia, dada, mimi ni mpima udongo wa maabara. Kabla ya kujenga, watu huchimba mashimo kiwanjani na kutuletea udongo kwenye mifuko, nasi tunautafutia ukoo wake. Tunauchekecha kwanza: unaobaki juu ni changarawe, unaofuata ni mchanga. Ule laini unaopita chekeche zote ndio wenye maneno, maana kwa macho huutambui. Huo tunautia maji na kuuviringisha kwa kiganja juu ya kioo. Ukikatika upesi, hauna ubishi. Ukikubali kuwa uzi mwembamba, mrefu, huo ni mfinyanzi. Wakongwe wa kazi huutafuna hata kidogo: mwingine unakwaruza meno, mfinyanzi unateleza kama sabuni.

Kwenye fomu tunaandika herufi, lakini midomoni mwetu mfinyanzi ni wa namna mbili, mpole na mkali. Mpole unabeba nyumba na kunyamaza. Mkali uzi wake hurefuka bila kukatika, nao ukinywa maji unavimba na kuuinua ukuta, ukikauka unanywea na kuuacha ukuta hauna pa kukanyaga, na msimu ukija yanaanza upya. Juu yake hujengi mpaka uuchimbe wote ukautupe, au uushushe msingi mpaka uupite.

Kiwanja cha bweni lenu ndicho cha kwanza nilichokabidhiwa peke yangu. Nawe ulipopata kazi ya matroni hapo hapo, uliniandikia kwamba umewaambia wasichana walale kwa raha, ardhi hiyo imepimwa na mdogo wako uliyemlea mwenyewe. Nilitembea na barua hiyo mfukoni wiki nzima.

Nilipopata hii ya ufa, nilikwenda stoo. Kanuni yetu ni kutunza nusu ya kila mfuko, na nusu ya mfuko wenu ilikuwepo, mwandiko wangu juu yake. Niliuanika ule udongo kivulini siku nne bila kumwambia mtu, kisha nikauviringisha. Uzi ukarefuka, ukarefuka, ukafika ukingoni mwa kioo. Nikatia chembe mdomoni. Haikukwaruza kitu. Nimesukutua mara ngapi sijui, na utelezi ule bado nausikia ulimini ninapoandika.

Kwenye ripoti niliandika mpole. Kwa neno langu hilo wakachimba msingi wa kina cha goti, wakapandisha ghorofa, na huko juu wanalala wasichana themanini.

Sasa kama umesimama, keti. Najua umeshaanza kunitafutia udhuru, kwamba kila mtu hukosea. Mfuko wenu ulikaa mezani kwangu siku sita, nikisema kesho, kesho. Siku ya mwisho bado ulikuwa umelowa, nikautia ovenini. Udongo wa kipimo kile haukaushwi kwa moto, dada. Mfinyanzi mkali ukiupika unapoteza ukali, unajifanya mpole. Hilo tunafundishwa wiki ya kwanza. Mkuu wa maabara, mama asiyepitisha karatasi bila kuuliza, aliniuliza:

"Huu umeukausha wapi?"

Nikamjibu, "Kivulini, mama."

Akaniamini, akatia sahihi yake chini ya yangu.

Na hilo silo baya kuliko yote. Nusu ile ya stoo niliipima wiki tatu zilizopita. Wiki tatu nimekaa kimya kama maji ya mtungini, huku najua unalala wapi na nani wanalala juu yako. Niliogopa jela. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sikupiga simu kwa sababu ungenituliza, nami ningekubali kutulizwa. Nakujua. Tangu mama atuache umekuwa ukibeba makosa yangu. Hata kioo cha jirani nilichokivunja ulisema ni wewe. Hili usinibebee. Nimejiapia kwamba kesho nitamweleza mkuu wa maabara, lakini mimi na kesho unatujua. Ndiyo maana nimeandika yote na kutia sahihi, ili hata nikinywea, karatasi isinywee. Ukiificha kwa kunihurumia, utakuwa umenilea bure.

Naituma kwa mkono wa dereva wetu, atakufikia kabla ya jua kuzama. Anasema huko kwenu mvua imeanza tangu juzi na haijakatika. Watoe wasichana sasa hivi, walale madarasani kwenye jengo la zamani, nguo na masanduku wayaache. Kisha mpe mwalimu mkuu barua hii kama ilivyo.

Wasalimie wote kwa niaba yangu, lakini wasalimie wakiwa wameshatoka nje.

Ni mimi mdogo wako,
mpima udongo.