Presha ya Urho, Mkono Wangu

Jumatatu, 1 Novemba

Outi katokea kwenye kishikwambi saa nne kamili. Nesi huyu yuko mjini, kilomita mia na ishirini, lakini jiko letu analijua kuliko dada yangu. Kamwambia Urho atembee kutoka mezani hadi mlangoni. Katembea! Mguu wa kushoto bado anauburuta, ila ni wiki tano tu tangu kiharusi — nani angesema?

Kisha akaangalia presha ninazomtumia kila asubuhi. Mbili zimepanda. Ya tatu ikipanda, kasema, itabidi mzee arudi wodini apangiwe dawa upya.

Urho akageukia dirisha. Wodini alilia. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona akilia, hata siku aliyomzika mama yake. Maneno yamembakia ya kuhesabu, lakini siku tuliyotoka kule alinishika mkono akasema wazi kabisa: "Nyumbani. Tu."

Jumatano, 3 Novemba

Ya Urho leo: 178. Niliikodolea macho ile nambari mpaka mashine ikajizima. Nikajifunga kitambaa cha mashine mkononi mwangu mwenyewe. 131. Nikatuma.

Mwongo mkubwa mimi! Urho aliniona. Hakusema kitu, nami nikachukulia kwamba tumekubaliana.

Jumamosi, 6 Novemba

Siku ya sauna, bafu letu la mvuke. Outi kaikataza mpaka presha itulie. Basi nikawasha moto hivyo hivyo, tukakaa kile chumba cha kuvulia nguo, mlango wazi kidogo, tunanusa moshi na yale matawi ya mti wa mbetula ya kujichapia. Vizee viwili na makoti yao, vinaoga kwa pua! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Redioni wakapiga dansi ya zamani, kodiani inalia. Urho akaanza kugonga sakafu kwa mguu — ule mbovu. Moyo ukanirudi mwaka sabini na moja, jukwaa la dansi kando ya ziwa. Sisi wasichana upande huu, wavulana upande ule, mbu hawasemeki. Kijana mrefu, shati kalipiga pasi mbele tu, akavuka sakafu nzima akaniinamia. Hakutamka neno. Desturi ni nyimbo mbili, kisha mwanamume anakurudisha mahali pako. Urho alisahau. Hajanirudisha mpaka leo.

Jamani, tulivyokuwa! Ningetoa chochote niione ile sakafu tena.

Jumatatu, 8 Novemba

Outi kafurahi. Kasema presha ya Urho ni ya kijana. Urho kainamisha kichwa, mimi nikajitia kupangusa meza. Yake mwenyewe sipimi tena. Naogopa. Dawa nampa kwa saa, hilo sijakosea hata siku moja.

Kichwa kinanigonga tangu jana. Hii theluji.

Alhamisi, 11 Novemba

Yangu 168. Nikapima tena: 175. Nikatuma 131, nambari ya zamani. Sasa nadanganya hata uongo wangu!

Kikombe cha mama kimeniponyoka, kile cha maua ya buluu. Nimekililia kupita kiasi. Urho kaokota vipande kimoja kimoja kwa mkono wake mzima, kisha akaninyooshea kidole kifuani, akaigusa ile mashine. Nikamwambia asinisumbue.

Jumatatu, 15 Novemba

Kanichongea!

Outi aliuliza mbona presha ni 131 siku tatu mfululizo. Nikaanza kutunga. Urho akasogea mbele ya kishikwambi, jasho likamtoka kwa kutafuta maneno. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akayapata.

"Mkono. Wake."

Outi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza kidogo. Akataka tupimwe wote wawili, mbele yake. Urho: 139. Imeshuka, na sijui tangu lini! Mimi: 207.

"Bi Helvi, nitabasamie," akasema. Kisha: "Fumba macho, nyoosha mikono yote miwili."

Nikanyoosha. Nilidhani yote iko juu. Nilipofumbua, wa kushoto ulikuwa umelala mapajani.

Gari la wagonjwa liko njiani, dakika arobaini kwa hii theluji. Outi haondoki kwenye kioo. Kasema nisile, nisinywe, nisitembee. Kuandika hakukataza. Mkono wa kulia bado ni wangu.

Wodini. Mimi! Nimehangaika wiki mbili asiende yeye, nami ndiye ninayebebwa. Naogopa, sitaki kujidanganya tena. Outi kauliza nani atabaki na Urho. Kabla sijajibu, mwenyewe kasema, "Naenda." Kule alikolia.

Ameingia chumbani, nasikia kabati. Kavaa koti kwa mkono mmoja, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili. Kachana nywele kwa maji. Ameacha fimbo yake ya kutembelea mlangoni.

Anakuja. Kutoka mlangoni hadi mezani, hatua zile zile alizofundishwa na Outi. Mguu hauburuti, au mimi ndiye siuoni vizuri. Amesimama mbele yangu. Taa za gari zimeshatokea kule kwenye mbetula.

Ameinama. Nusura aanguke, kashika kiti, kainama tena vizuri. Kanyoosha mkono.

Outi anasema nisiinuke. Bi Helvi, anasema, tafadhali usiinuke. Mkono bado umenyooshwa, nami natafuta pa kuiweka hii kalamu —