Soda Kwenye Jagi la Krismasi

Mjukuu wangu Mwende,

Huku mtaani Baba Dogo tu wazima, na mama yako sasa anatembea bila fimbo. Kinywaji unachoulizia ni rahisi: chemsha maziwa, tui zito, sukari na kungumanga, yapoe kabisa, kisha mimina brandi. Ila mtu asikuongezee soda!

Krismasi yangu ya kwanza hapa kama mke, shemeji Mutua alitia soda ili kinywaji kiwatoshe marafiki zake. Maziwa yakakatika mabonge. Akanicheka wageni wakisikia: "Kaka ameoa mtu hajui jikoni!"

Hasira ile ninayo hadi leo. Nilimjazia glasi.

"Shemeji, kunywa soda yako."

Mama mkwe akaongeza, "Yote, Mutua."

Akaimaliza.

Bado huja kila Krismasi. Jagi nalishika mwenyewe.

Nyanya yako